Tramu ya Kirua, Sehemu ya Tisa: Rundo la Matope

Panga halikufika shingoni.

Najua mlivyoniacha Alhamisi iliyopita. Basili kalala chali ndani ya shimo la gereji kule Njoro, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, na Calvin kamsimamia huku panga liko juu. Mama mmoja wa Majengo ameniandikia barua akinisihi nisimuue Basili, kwa kuwa wanawe wamegoma kula. Mama, panga si langu. Lakini waambie wale.

Calvin aliinua mno. Alisahau kwamba juu ya shimo lile kuna lori limeegeshwa, na mtu mrefu kama yeye akinyoosha mkono humo anagusa vyuma. Panga liligonga difu ya lori, likapiga cheche, likamtoka mkononi. Basili hakungoja kuulizwa. Alikunja miguu yote miwili akampiga Calvin magotini.

Goti la kushoto lilivunjika kwa sauti ya kijiti kikavu. Calvin alianguka kinyumenyume, kisogo kikagonga ngazi ya saruji, akatulia.

Basili alilibana panga katikati ya mapaja yake, makali yakiwa juu, akaanza kusugua kamba. Alikata kamba, na nyama akakata. Damu ilipoanza kutiririka viganjani mikono ikateleza, na kwa kuteleza huko ikatoka. Sikio lake la kulia lilikuwa limebaki nusu tangu sehemu ya saba, mnakumbuka, na sasa nalo lilifumuka upya.

Alikuwa ameshashika ukingo wa shimo apande, mkono ukamdaka kwenye kifundo cha mguu. Calvin hakuwa amekufa. Watu wa aina yake hawafi mapema hivyo, la sivyo magazeti yangekosa hadithi.

Basili alipapasa, akapata spana namba thelathini na mbili. Aliupiga mkono ule mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, hadi vidole vikaachia. Calvin alilia, halafu akafanya jambo lililomwogopesha Basili kuliko panga. Alicheka.

"Piga tu, inginia," alisema. "Umechelewa. Tramu inashuka leo saa tano. Bosi kaleta wageni. Na mama yako kakalishwa kiti cha mbele."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo, kaa hapa nikueleze haraka, maana mambo haya ya vyuma ndiyo yanayoua watu katika hadithi hii.

Basili ni mtoto wa Kirua Vunjo. Alipelekwa Ujerumani Mashariki kusoma ufundi, akabaki huko miaka sita akiunda tramu, yaani yale magari ya reli yanayopita barabarani katikati ya mji. Ukuta wa huko ulipoanguka akarudi nyumbani na sanduku moja la michoro. Ndani ya sanduku hilo kulikuwa na ndoto moja tu: tramu yenye sakafu ya chini, ambayo abiria anaingia kwa kupiga hatua, bila kupanda ngazi hata moja.

Ndoto hiyo ilianza kwa mama yake. Mama Monica aliangukiwa na mti wa mgrevilea mwaka wa themanini na mbili, na tangu hapo magoti yake hayakunjiki. Anatembea kwa mikongojo miwili. Miaka kumi na minne hajawahi kupanda basi bila kubebwa mgongoni kama gunia la kahawa, na kila anapobebwa huwa anafumba macho kwa aibu. Basili alifahamu aibu ile. Aliichora kwa penseli mpaka ikawa gari.

Kisha akatokea Wenseslaus, mfanyabiashara, mtoto mkubwa wa enzi hizi za ruksa. Alijenga reli kutoka stesheni ya Moshi kupita Njoro, tawi moja likishuka tambarare hadi Chekereni kwenye mpunga na jingine likipanda hadi Kirua. Akamwajiri Basili. Halafu akaleta gari, na gari lenyewe lilikuwa la majaribio, ambalo hata mji uliolitengeneza ulilikataa.

Lilikuwa na sakafu ya chini kutoka mbele hadi nyuma. Linapendeza, huwezi kubisha. Lakini sakafu ikishuka yote, magurudumu hayana nafasi ya kugeuka kwenye kona, yanakaa yametazama mbele kama ng'ombe mkaidi. Mashine zote zilizokuwa zikikaa chini zinapandishwa juu ya paa, na gari linakuwa zito kichwani. Breki zake zilipimwa kwa mji ulionyooka. Basili aliandika ripoti ya kurasa nane: gari hili lipelekeni Chekereni, huko litatembea miaka thelathini bila mtu kuumia. Kirua tuleteeni jingine, lenye sakafu ya chini katikati tu, ncha zake mbili ziinuke, ili magurudumu yanayogeuka na breki za kutosha zikae chini ya ncha hizo.

Kwa kuandika vile alikuwa anamnyima mama yake mlango wa mbele, na alilia alipokuwa anaandika. Wenseslaus aliisoma ripoti, akaikunja, akamwita Calvin. Sasa mnajua kwa nini tuko ndani ya shimo.

Basili alitoka mbio akachukua pikipiki ya Calvin iliyoegemezwa mlangoni, funguo zikining'inia. Mkono mmoja ulikuwa unaendesha, mwingine umeshikilia sikio. Alipita sokoni Njoro akiwa amelowa damu hadi kiunoni, na wauza nyanya waliruka pembeni. Alishika barabara ya Himo.

Alikuwa karibu na njia panda ya kupandia Kirua aliposikia honi nyuma yake. Aligeuka. Lilikuwa lori lile lile la pale juu ya shimo, na kwenye usukani alikaa Calvin, uso mwekundu kwa damu, goti moja limevunjika, anakanyaga mafuta kwa mguu mzima.

Lori lilimgonga kwenye kona ya kwanza ya kupanda. Pikipiki ilikwenda kwake na Basili akaenda kwake. Alipaa juu ya ua wa masale akaangukia kwenye mibuni, mbavu zikavunja matawi na matawi yakavunja mbavu. Lori nalo lilikosa njia, likazama mtaroni pua mbele, tairi za nyuma zikizunguka hewani.

Calvin alitokea dirishani. Alivunja nguzo ya mgomba akaifanya fimbo. Hakumfuata Basili. Alishika kijia cha kando ya mfereji, kile cha mkato kinachopanda hadi kwenye banio, mahali mfereji unapoanzia mtoni, walipoagana yeye na bosi wakutane. Alikuwa anakwenda kumwambia bosi wake kwamba inginia yu hai.

Basili alitapika damu kidogo, akainuka. Alipanda naye, lakini kwa njia ya reli.

Shabaha yake ilikuwa moja tu, kulisimamisha gari kabla halijaanza kushuka. Mteremko ule ni wa kilomita saba. Gari lilipandishwa juzi likiwa tupu, likisukumwa na kichwa cha treni. Halijawahi kushuka. Halijawahi kushuka na watu arobaini.

Alipofika mahali mfereji unapokatiza reli, akakuta wanaume ishirini na majembe.

Mfereji ule ulichimbwa na babu wa babu zao. Unapita chini ya reli katika uwazi wa kina cha kiuno, maji yanakwenda kunywesha migomba ya vihamba vya chini, mashamba ya ukoo. Mkuu wa mfereji ni Mzee Filemon, baba yake Basili, ambaye akisema Jumanne ni zamu ya fulani, hata padri hana la kuongeza. Na asubuhi hiyo Mzee Filemon alikuwa ameitisha msaragambo, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake, ili mfereji usafishwe wasije wakaaibika mbele ya wageni.

Wamesafisha vizuri. Tope lote na mawe wameyatoa mferejini, wakayarundika kwenye ukingo wa chini, wakashindilia kwa miguu, kama walivyofundishwa na baba zao ambao nao walifundishwa na baba zao. Kosa ni kwamba siku hizi ukingo wa chini una reli. Rundo lilikaa katikati ya reli mbili, limesawazishwa na kuchomekwa maua ya manjano, kwa heshima ya tramu.

Treni ya kawaida ingelipita juu yake isijue. Sakafu ya treni iko kifuani kwa mtu. Lakini gari lile lilikuwa linakwenda na tumbo chini.

Basili alisimama mbele yao anatweta, nusu sikio, shati halina rangi. Na kwa kuwa alizaliwa Kirua na kulelewa Kirua, jambo la kwanza lililomtoka kinywani lilikuwa shikamoo. Wazee waliitikia marahaba, kwa adabu. Kisha wakamzunguka.

Msishangae. Wenseslaus alikuwa amepita nyumba kwa nyumba wiki nzima. Aliwaambia kwamba Basili amewauzia watu wa Chekereni tramu ya Kirua, na ndiyo maana ripoti yake inataka gari libaki bondeni. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo huku mlimani. Walichangia mataruma ya reli, walitoa ardhi ya kaburi la bibi zao, halafu mtoto wao wenyewe aseme gari zuri liende kwenye mpunga.

Basili alianza kuwaeleza habari ya rundo. Alifika neno la nne. Primus, binamu yake, waliyenyonya pamoja, alimpiga kwa mpini wa jembe mdomoni.

Meno mawili yalitoka. Wa pili alimpiga mgongoni, wa tatu tumboni pale pale penye mbavu. Alianguka juu ya rundo, kwenye maua, na bado wakampiga. Walimpiga watu aliosoma nao katekisimu. Mmoja alikuwa analia huku anapiga, na sijui nimweleze vipi mtu yule, ila nina hakika alikuwepo.

Mzee Filemon hakupiga wala hakuzuia. Alisimama ndani ya mfereji, maji magotini, anamtazama mwanawe wa pekee.

"Baba," Basili alisema, damu ikimziba. "Siombi msamaha. Naomba upime. Tumbo la gari lile linapita vidole vinne juu ya reli. Weka mkono wako hapa upime."

Mikono ya watu ilisita. Mzee wa mfereji ni mtu wa vipimo. Maisha yake yote amepima maji kwa kidole na kina kwa kiwiko, na mtu akimwambia apime hawezi kukataa, hata awe adui. Alitoka majini, akapiga magoti, akaweka vidole vinne juu ya chuma cha reli. Kisha akasimamisha mkono wake kando ya rundo. Rundo lilifika kwenye kiwiko.

Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umezeeka.

"Mama yenu yumo ndani," alisema. "Chimbeni."

Walichimba kama wezi wanaofukuzwa. Primus ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika beleshi, hakumtazama binamu yake machoni. Tope lilirudi mferejini kwa mafungu, mawe yakaviringika, maua yakakanyagwa. Basili alichimba kwa mikono. Rundo lilishuka hadi nusu, likashuka hadi robo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi furaha, na nasema furaha kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, mtu mwenye meno machache na mbavu zilizovunjika anacheka kwenye tope na baba yake.

Hapo ndipo waliposikia kengele.

Tramu ina kengele ya mguu. Dereva anaikanyaga mara moja, ting, kuwaambia watu wapishe. Kengele hii haikukoma. Ililia mfululizo kutoka juu, nyuma ya migomba, na kila sekunde ilikuwa karibu zaidi. Juu ya migomba ulipanda moshi mweupe wenye harufu ya chuma kilichoungua.

Dereva alikuwa Gladness, binti wa Njoro ambaye Basili alimfundisha mwenyewe. Alimfundisha jambo hili: ukiona breki zimekufa, usipige kelele, kanyaga kengele usiiachie, nitaelewa.

Alielewa. Breki za mji tambarare zilikuwa zimeungua kilomita ya tatu.

Basili aligeuka akatazama chini. Mita mia mbili kutoka pale walipo reli inapinda kwa ghafla kuukwepa mto, na chini ya kona ile kuna korongo lenye mawe. Magurudumu yasiyogeuka, mashine tani mbili juu ya paa, mwendo ule. Gari lisingepinda. Lingekwenda moja kwa moja.

Na kitu pekee duniani kilichoweza kulisimamisha kabla ya kona, rundo laini la tope lenye kimo cha kiwiko, ambalo tumbo lile la chini lingejichimbia kama jembe la ng'ombe, Basili mwenyewe alikuwa amesababisha watu walitoe.

"Rudisheni," alisema.

Walimtazama kama mwendawazimu, na nani angewalaumu.

"Breki zimekufa. Rudisheni tope lote, mpaka juu. Mkiliacha gari lipite linaingia mtoni na mama."

Primus alifungua mdomo kubishana. Mzee Filemon hakumpa nafasi. Aliruka ndani ya mfereji, kwa kuwa tope sasa lilikuwa humo, akaanza kulirusha juu kwa beleshi. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Wengine walimfuata.

Sijawahi kuandika dakika ndefu kama ile. Tope zito la mfereji, beleshi juu ya beleshi, mtu anateleza anakanyagwa, anainuka anarusha. Kengele imekuwa kali hadi haisikiki tena kama kengele. Rundo lilifika kwenye kifundo, likafika nusu ya muundi. Basili alipiga kelele watu watoke. Walitoka. Gari lilitokea kwenye upenyo wa migomba, jeupe, refu, linapepesuka kichwa, nyuso za watu zimebandikwa kwenye vioo.

Lililima.

Tumbo liliingia kwenye tope na tope likalipuka pande zote mbili, likapaa juu ya migomba. Vioo vyote vilipasuka kwa pamoja. Sauti iliyotoka chini ya sakafu ilikuwa ya chuma kinachochunwa ngozi. Gari liliburuza rundo mbele yake, reli zikapinda, likalalia ubavu wa kulia, likasita, likarudi.

Lilisimama. Injini iliyofungwa juu ya paa haikusimama.

Ilikatika kwenye boliti zake ikaendelea na safari peke yake, tani mbili za chuma, mbele na chini. Primus alikuwa amekimbilia upande wa mbele. Sitaeleza alivyobaki. Nitasema tu kwamba binamu aliyempiga Basili mdomoni alikuwa pia wa kwanza kushika beleshi, na wanaokwenda kumsimulia Kirua waseme yote mawili.

Mtoto mmoja ndani ya gari alikuwa analia.

Watu walianza kutoka madirishani, nyuso zimekatwa na vioo, mmoja ameushika mkono wake uliovunjika kama kifurushi. Gladness alikuwa bado amekanyaga kengele, ila kengele ilikuwa imekufa. Mguu wake haukutaka kutoka pale na ilibidi watu wawili wamtoe.

Halafu mlango wa katikati ulifunguka.

Gari lilikuwa limezama kwenye tope hadi sakafu ikawa sawasawa na ukingo wa mfereji. Hapakuwa na ngazi. Hapakuwa hata na kimo cha kidole. Mama Monica alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo mmoja, wa pili umevunjika, damu inamtoka kwenye nywele. Alitazama ukingo na sakafu, akapiga hatua, akawa yuko nje. Hakuna aliyembeba. Miaka kumi na minne.

Basili alimwona na akalia bila kujificha. Mama yake alimshika shavu lenye damu, akalichunguza sikio kama mama anavyochunguza sikio la mtoto aliyetoka kucheza, akasema gari lako ni zuri, mwanangu, ila si la huku.

Kisha akatazama watu wote waliosimama, mmoja mmoja, akauliza.

"Baba yako yuko wapi?"

Basili aligeuka. Aliwahesabu. Watu walikuwa wametoka mferejini wote alipopiga kelele, aliona wanatoka, aliamini wametoka. Kwenye ukingo kulikuwa na kofia ya Mzee Filemon. Beleshi lake halikuwepo.

Hapo ndipo sakafu ya tramu ilipogongwa. Kutoka chini. Mara tatu.

Alikuwa hai. Alikuwa amebaki ndani ya mfereji anaongeza beleshi la mwisho, na gari lilipita juu ya kichwa chake na kukaa juu ya uwazi ule kama mfuniko. Kati ya maji na tumbo la gari palibaki nafasi ya pua ya mtu.

Lakini rundo lilikuwa limeangukia mferejini na kuuziba upande wa chini. Maji yaliyokuwa yakipita sasa hayakuwa na pa kwenda. Basili alitia mkono, akaona yanapanda. Alipima kwa kidole kama alivyofundishwa na mtu aliyekuwa humo chini. Robo saa, pengine pungufu.

Watu walirukia tope kwa majembe, lakini tani kumi na nane zilikuwa zimelilalia, na kila walipochimba gari lilizidi kushuka. Mtu mmoja alipaza sauti waache, wanamuua. Njia ilibaki moja, kupanda hadi kwenye banio na kufunga lango la maji.

Basili alitazama juu ya mteremko. Banio linaonekana kutoka pale, ukuta wa mawe na lango la mbao lenye mnyororo. Juu ya ukuta ule alikuwa amekaa Wenseslaus. Mtu aliyewapandisha wageni arobaini kwenye gari lake hakuwa amepanda yeye mwenyewe. Kando yake alisimama Calvin, ameegemea fimbo ya mgomba, amemaliza kueleza. Wenseslaus alikuwa na bastola mapajani.

Hakuwa na haja ya kumtafuta Basili. Ilimtosha kukaa juu ya lango na kumngoja.

Mama Monica naye alikuwa ameona. Alirudi ndani ya gari kwa hatua ile ile moja, akajilaza kifudifudi kwenye sakafu yenye vioo, magoti yake yasiyokunjika yamenyooka nyuma, sikio chini. Aligonga kwa mkongojo mara tatu. Kutoka chini mzee akajibu tatu.

"Nenda," alimwambia mwanawe. "Mimi nabaki namgongea, asidhani yuko peke yake."

Basili aliokota panga la mtu, akaanza kupanda. Kule juu Wenseslaus alimwona anakuja. Alifunga kufuli kwenye mnyororo wa lango, lango likiwa wazi, akautupa ufunguo mtoni.

Mama Monica aligonga tena mara tatu.

Zamu hii akajibu mbili.